Hirizi ya Mfalme wa Kwanza

Magari ya Kijapani yakifika Singida huwa bado yana vitu vya watu ndani. Mimi ni fundi umeme wa magari, karakana yangu iko Utemini, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuta chini ya viti na kwenye droo za dashibodi risiti za mafuta, ramani, picha ya mbwa, kiatu kimoja cha mtoto. Mafundi wengine huvitupa. Mimi huviweka kwenye boksi na kuviandika kwenye daftari: siku niliyovipata, aina ya gari, mahali vilipokuwa. Sina sababu kubwa ya kufanya hivyo. Shule niliishia darasa la saba, na karibu yote ninayoyajua nimeyajua kwa kuandika vitu kwenye daftari.

Kijapani nilianza kukisoma kwa sababu ya fyuzi. Kifuniko cha boksi la fyuzi kina maandishi ya Kijapani, na fundi asiyeyajua hung'oa fyuzi moja moja mpaka aipate ya taa. Nilipata kamusi iliyochakaa, baadaye simu ikanisaidia, na taratibu nikatoka kwenye vifuniko nikaingia kwenye vitabu vya magari. Kukizungumza siwezi. Nasoma tu, kidole kikiwa kwenye mstari.

Mdogo wangu aliponunua kirikuu, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo, alikileta kwangu siku hiyo hiyo. Alikuwa anakaa Ulemo karibu na mama yetu. Hakuwa ameoa, na mama alikuwa anamsema kila siku kwa hilo. Kirikuu hicho kilikuwa kinaongea. Ukiwasha tu, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kisanduku kilichobandikwa chini ya usukani, ikasema sentensi moja ya adabu.

"Shikamoo mama," mdogo wangu aliijibu. Akanigeukia. "Anasemaje, profesa?"

"Anasema kadi haijaingizwa."

"Kadi gani? Ya kliniki?"

"Ya kulipia barabara za kwao."

"Mwambie nimeisahau nyumbani."

Nilitaka kukiondoa kisanduku kwa sababu kilikuwa kinakula betri bure. Alikataa. Alisema gari linalokusalimia kila asubuhi halifai kufanyiwa ukatili.

Kwenye kioo cha ndani palikuwa pamening'inizwa kifuko cha kitambaa, upana wa vidole viwili, cheupe kilichogeuka rangi ya chai, kimefumwa kwa nyuzi za dhahabu. Upande wa mbele kulikuwa na herufi nne nilizozifahamu: usalama barabarani. Upande wa nyuma palikuwa na ndege, na chini yake jina ambalo nyuzi zake zilikuwa zimefumuka, halisomeki. Nilijua kwamba ni hirizi. Kwao hutolewa kwenye mahekalu ya dini yao ya asili, dini ya Shinto, na dereva huitundika kama huku wengine wanavyotundika rozari au tasbihi. Nilichotaka kujua ni hekalu gani.

Nilimwomba aniachie kifuko siku mbili. Nilikilaza juu ya meza ya kazi, nikawasha taa ya kusomea waya, nikalegeza fundo kwa koleo yenye ncha nyembamba. Lilikuwa fundo la namna yake, kama kipepeo mwenye mabawa manne. Ndani palikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kibao chepesi. Juu ya kibao palikuwa na jina lote, wazi kabisa. Nililinakili kwenye daftari, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikavuta kamba. Fundo halikukubali. Nilijaribu mara nyingi. Mwisho nililifunga kwa fundo ninalofungia mafungu ya waya, ambalo halifunguki.

Kwa jina lile nilisoma habari za hekalu. Limejengwa kwa heshima ya mfalme wao wa kwanza, chini ya mlima mdogo, mahali inaposemwa ndipo alipoweka kasri lake. Vitabu vyao vya kale vinasema alikuwa mzao wa mungu wa jua, kwamba alitoka mbali upande wa magharibi akipigana njia nzima, kwamba kunguru alitumwa kutoka mbinguni amwonyeshe njia. Vinampa umri wa zaidi ya miaka mia moja. Wasomi wa huko huko kwao wengi wanasema hakuna ushahidi kwamba mtu huyo aliwahi kuishi. Na hekalu lenyewe si la kale. Limejengwa zama za karibu tu, baada ya watu kukubaliana kwamba mahali ni pale. Niliyaandika hayo yote kurasa tatu. Nilifurahi sana, nakumbuka. Huku kwetu sikuwa na mtu wa kumwonyesha isipokuwa mdogo wangu, ambaye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo dereva wangu ni kunguru."

Wiki mbili baadaye nilikwenda Ulemo. Tulikuwa watatu, mama na sisi wawili, tunakula ugali wa uwele na mlenda, na mdogo wangu akataka kumchekesha mama. Akamwambia kwamba mimi nimeifungua hirizi ya Wajapani nikaisoma kama gazeti.

Mama aliacha kula. Mama yetu ni mtu wa kanisa, hakosi ibada. Nilitegemea aseme hirizi ni ushetani, itupwe. Hakusema hivyo.

"Ulifungua?"

"Nilitaka kujua imetoka wapi, Mama."

"Ingekuwa ya mtu wa hapa ningekuambia nenda kaichome. Hii ni ya watu usiowajua. Kitu cha watu hakifunguliwi, hakichomwi. Kinarudishwa kilikotoka."

"Ni kibao tu, Mama. Kibao na karatasi."

"Na Biblia ni karatasi," alisema.

Mdogo wangu alicheka, mimi pia nikacheka, na nikaongeza kwamba mfalme mwenyewe huenda hakuwahi hata kuwepo. Mama alinawa mikono kabla hajashiba.

Wiki hiyo hiyo, nikiendelea kusoma, nilikuta maelezo ya wenyewe. Yalisema hirizi haifunguliwi. Yalisema pia kwamba hirizi hukaa na mtu kama mwaka mmoja, kisha hurudishwa hekaluni, nao makuhani huichoma pamoja na nyingine kwa sala. Asiyeweza kufika huituma kwa posta. Kwa maneno mengine, Wajapani walisema alichosema mama yangu. Niliyanakili maelezo hayo kwenye daftari, nikaweka tarehe, nikafunga daftari. Sikumwambia mama na sikumwambia mdogo wangu. Sikuwa naamini kwamba kibao kina nguvu yoyote, na mpaka leo siamini. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka aliyeacha kula mezani awe ndiye aliyekuwa sahihi.

Kirikuu kilifanya kazi mwaka mzima na zaidi. Halafu asubuhi moja ya kiangazi, saa nne, mdogo wangu alikuwa anashuka mteremko wa Sekenke kuelekea Shelui akiwa na magunia ya vitunguu. Kirikuu kiliacha barabara kwenye kona, kikaangukia kwenye mawe. Hapakuwa na gari jingine. Nilipofika walikuwa wameshamwondoa.

Siku mbili baada ya mazishi niliomba ruhusa polisi nikakague gari. Lilikuwa limewekwa nyuma ya kituo, na kifuko bado kilikuwa kwenye kioo. Niliambiwa nisitoe kitu, nikakubali. Nilianza na matairi, nikaenda kwenye usukani, kwenye mabomba ya breki, kwenye viatu vya breki, nikiandika. Nilikuwa nimekuja na betri yangu ili nijaribu taa. Nilipounganisha waya, yule mwanamke akasema kadi haijaingizwa. Askari aliyesimama nami aliruka nyuma. Ilibidi niende kukaa pembeni kwa muda kabla ya kuendelea.

Sikupata hitilafu. Kitu kimoja tu nilichokipata kilikuwa kwenye taa ya nyuma. Balbu ikipata kishindo ikiwa imezimwa, uzi wake wa ndani hukatika mkavu. Ikipata kishindo ikiwa inawaka, uzi huwa wa moto, kwa hiyo huvutika na kunyooka. Uzi wa balbu ya breki ulikuwa umenyooka kama unywele.

Mama aliniuliza mbele ya ndugu wote waliokuwa kwenye msiba.

"Umeona nini kwenye gari?"

Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja, kifaa kimoja baada ya kingine. Mwisho nikamwambia, "Alikuwa amekanyaga breki, Mama."

"Najua alikanyaga. Alikuwa hataki kufa. Kwa hiyo gari lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

"Na barabara kavu?"

"Kavu."

"Na mwanangu hakuwa mlevi, alilala kwangu, alikunywa uji wangu. Basi nenda katafute ni kitu gani hakikuwa kizima."

Hakupaza sauti. Ndugu waliokuwepo hawakuelewa anachosema, walidhani ni uchungu. Mimi nilielewa. Katika gari lile kitu pekee kilichokuwa kimeharibiwa kabla ya siku ile kilikuwa fundo, na aliyeliharibu ni mimi. Mtu anaweza kuniambia kwamba hiyo si sababu, na mimi ningekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini mama alikuwa na sababu mkononi, na mimi, pamoja na daftari langu, sikuwa nayo.

Polisi walipoachia gari, nilikichukua kifuko. Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vilipogawiwa, hakuna aliyetaka kukigusa. Mjomba alisema kichomwe. Mama alisema, "Hakichomwi hapa." Nikarudi nacho Utemini.

Kabla ya hapo mama alikuwa akija mjini kila mwezi kwa kliniki ya presha, na alikuwa analala kwangu siku mbili au tatu. Baada ya matanga aliendelea na kliniki lakini hakuja tena nyumbani. Nilikuwa namfuata hospitali, tunakaa kwenye benchi, nampa shikamoo, anaitikia marahaba vizuri kabisa, ananiuliza watoto hawajambo, kisha anasema basi lake litamwacha. Mke wangu alimpikia chakula nikampelekea pale kwenye benchi. Alishukuru, akakichukua, na mwezi uliofuata akanirudishia bakuli limeoshwa. Kama alikula sijui.

Hali hiyo ilikwenda miezi mingi. Niliona kwamba atazeeka hivyo, na mimi nitazeeka hivyo, na siku moja kati yetu patakuwa na jeneza kabla hajaingia nyumbani kwangu. Nikaenda Ulemo bila kumpa taarifa. Nilimkuta uani anachambua mbegu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia kitu. Kile kifuko, wenyewe wanasema kama ulivyosema wewe. Hakifunguliwi. Kinarudishwa. Kinaweza kwenda kwa posta."

Aliendelea kuchambua. "Ulijua lini?"

"Wiki ile ile tuliyokula hapa."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na mwenzako ulimwambia?"

"Hapana."

Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko yote. Niliona mikono yake ikisimama juu ya ungo. Labda mdogo wangu angecheka tu na kuendelea na safari zake. Labda angekileta kifuko kwangu tukakituma. Kwa vyovyote angekuwa amejua, na ningekuwa nimemwachia aamue mwenyewe.

Mama aliutikisa ungo, kisha akauliza, "Huyo mwenye nacho ni nani hasa?"

Nikamweleza: mfalme wa kwanza, safari yake, kunguru, mlima.

"Alikufa lini?"

"Wasomi wao wanasema huenda hakuwahi kuishi."

"Lakini nyumba anayo?"

"Hekalu analo. Kubwa."

"Na watu wa kumfagilia?"

"Wapo. Wanafagia kila siku."

"Basi yupo," mama alisema. "Hata sisi yule wa kwanza aliyeleta ukoo wetu hapa hakuna aliyemwona. Kuna mawe tu kule juu kilimani. Mchungaji kasema ni mawe, na mimi nasema ni mawe. Lakini kaka yako yule wa kwa baba mdogo alipokwenda kukojoa pale, marehemu baba yako alimchapa mpaka akaumwa."

Sikuwahi kulisikia hilo. Nilitaka kuuliza zaidi, nikajizuia, kwa sababu nilijua ningetoa daftari.

Alisema atakuja mwenyewe kuona kinatumwa. Tulikutana posta siku yake ya kliniki. Barua nilikuwa nimeiandika kwa siku kumi, kwa Kijapani cha vitabu vya magari, sentensi fupi fupi. Ilisema kwamba kitu hiki kilikuja ndani ya gari, kwamba dereva amefariki, kwamba tunakirudisha kwa shukrani. Mhudumu aliniuliza ndani kuna nini, nikasema kitambaa na kibao. Alitaka kujua kama ni dawa. Nikasema hapana.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake. "Umewaandikia kwamba ulifungua?"

Nilikuwa sijaandika. Nilikuwa nimejiambia kwamba wataona fundo wenyewe.

"Andika," alisema.

"Mama, foleni ni ndefu."

"Watasubiri."

Nilirudi pembeni, nikafungua bahasha. Herufi ya kufungua ninaijua kuliko nyingi. Iko kwenye vifuniko na vitufe vya magari yao. Lakini ilinichukua muda kuiweka kwenye sentensi yenye mimi ndani yake. Mwisho niliandika: Nilifungua. Sikujua. Halafu nikakumbuka kwamba baadaye nilijua, nikaongeza: Baadaye nilijua, sikusema. Mama aliniangalia mpaka nikaweka nukta, ingawa hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Barua ilipopigwa muhuri alisema basi lake litamwacha, akaondoka.

Jibu lilikuja baada ya mvua kuanza na kuisha. Bahasha ya karatasi nzito, ndani yake ukurasa mmoja uliochapwa na mistari miwili ya mkono. Nilisoma kwa siku tatu ili nisikosee. Walisema wamekipokea. Walisema kitachomwa pamoja na vingine kwa wakati wake. Mistari ya mkono ilisema wanamwombea dereva na familia yake iliyo mbali. Juu ya kufungua hapakuwa na neno. Nilitafuta kila herufi kwenye kamusi, hata zile ninazozijua, nikidhani labda adabu yao imelificha mahali. Halikuwepo.

Nilikwenda Ulemo na barua. Mama alikuwa anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai. Nilimsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja, naye akasimama na fimbo yake.

"Na kufungua, wamesemaje?"

Nilikuwa nimefikiri njia nzima juu ya swali hilo. Ningeweza kutunga sentensi moja tu, na hakuna mtu katika mkoa mzima ambaye angeweza kunikosoa.

"Hawakusema kitu, Mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena yote.

"Hawakusema," alisema.

"Hawakusema."

Alipiga alizeti mara kadhaa, mbegu zikaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Kisha akasema, "Basi na mimi sisemi."

Mwezi uliofuata, alipotoka kliniki, alikuja Utemini kwa miguu yake. Mke wangu alimfungulia mlango, akaenda jikoni kuongeza unga. Mama alilala siku mbili. Tangu hapo anakuja kila mwezi kama zamani, anakula anachopikiwa, anagombana na wajukuu, ananiambia karakana yangu ni chafu.

Ilinichukua muda kufahamu ukubwa wa alichokubali kutokusema. Nilidhani ni juu ya fundo. Lakini mbele yangu hajamtaja tena mdogo wangu, hata kwa bahati mbaya, hata siku ya ukumbusho wake, ambapo tulisimama kaburini tukarudi tukizungumzia bei ya mbolea. Kwa wengine humtaja. Nimemsikia kutoka nje ya mlango, nikiwa nimebeba maji. Nikiingia mazungumzo hugeuka.

Mwezi uliopita alikuwa anawasimulia watoto wangu habari za mwaka ambao korongo lilijaa maji ghafla na mbuzi mmoja akabaki ng'ambo. Nilikuwepo mwaka huo. Nilikuwa mkubwa, nilisimama ukingoni nikipima kina kwa fimbo, na mdogo wangu akapita pembeni yangu, akaingia ndani ya maji na kumbeba yule mbuzi mabegani. Mama alisimulia vizuri, maji yalivyokuja, rangi yake, kelele zake. Alipofika pale alisita.

"Akatokea mtoto mmoja," alisema, "akaingia, akamtoa."

"Mtoto wa nani, Bibi?" binti yangu aliuliza.

"Mtoto tu," alisema mama, akanisogezea bakuli la mboga.

Nilichota, nikala.